Majibu ya DNA yamesema binti si wangu. Wakuu, nifanyeje?

Wakuu, heshima kwenu. Ndoa yangu ina miaka 11, binti yetu ana 9. Ana selimundu. Daktari mpya wa kliniki alitaka wazazi nao tupimwe. Mama akatoka AS, yaani amebeba kinasaba kimoja cha selimundu (S), mimi AA, yaani sina hata kimoja. Wakarudia, majibu yaleyale. Mtoto wa SS, mgonjwa kama binti yetu, huchukua S moja kwa baba, moja kwa mama. Mimi sina ya kumpa.

Tukapitia ustawi wa jamii, sampuli zetu wote watatu zikaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mama ni mama, mimi si baba mzazi. Mke wangu amelia, ameomba msamaha, jina la mtu hajataja.

Kaka zangu wanasema nimebambikiwa, niwarudishe wote kwao. Kinachonishinda ni hiki: maumivu yakimbana usiku, binti haiti mama. Ananiita mimi, namkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto hadi alale. Juzi namkanda huku namkazia macho usoni, natafuta sura ya mtu nisiyemjua. Nilijichukia. Je, nimwambie? Na cheti cha kuzaliwa chenye jina langu?

Jibu 1
Pole sana mkuu. Kuhusu mke usikurupuke. Ila huyo mwanaume atajwe, miaka tisa ya dawa na ada si mchezo.

Jibu 2
Cheti kiache kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009 haitazami vinasaba peke yake. Jina kwenye rejesta ya vizazi, mila ulizomfanyia na kumtambua mbele za watu navyo ni ushahidi. Mahakama itaanza na maslahi ya mtoto. Mwone wakili kabla hujasaini chochote.

Jibu 3
Mimi ni nesi. Ugomvi wenu usimkoseshe kliniki. Baridi, kukosa maji mwilini na msongo vyote humwamshia maumivu. Bima yake iko chini ya nani? Kama ni wewe, usiiguse.

Jibu 4
Mwanangu, huku Pwani tunasema kitanda hakizai haramu. Aliyekosa si mtoto.

Jibu 5
Kaka, mimi nilikuwa huyo binti. Nilijulia msibani kwa baba nikiwa na miaka 14, shangazi aliponiinua kwenye mkeka wa watoto wa marehemu. Baba alijua miaka yote. Damu haikuniuma. Kilichoniuma ni kusikia kwa mtu mwingine, naye yuko kaburini, siwezi kumuuliza kitu. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, lakini si sasa ukiwa na hasira. Na kaka zako uwazibe midomo mapema.

Mleta uzi
Dada, nimesoma mara tatu. Nimempigia kaka mkubwa, nimemwambia neno hili lisitamkwe mbele ya mtoto. Kaguna, kisha kakubali. Bima ni yangu, inabaki. Jumamosi mimi na mke wangu tunakwenda kwa mshenga, kuhusu ndoa bado sijui. Kliniki ni Jumanne, nampeleka mimi.