Wauza hita za sola Tabora: jua letu la kipupwe liko KASKAZINI, mnatufungia hita za umeme juu ya paa halafu mnaziita sola

Wakuu, mwangaluka.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikipayuka. Wenye maduka ya hita za sola hapa Tabora mjini, pamoja na mafundi mnaotembea nao, uzi huu ni wenu. Duka silitaji. Wenyewe mnajijua, na wateja wenu watawatambua kwa majibu yenu, maana wote mnajibu sawasawa utadhani mlikaririshwa darasa moja.

Mwaka jana mwishoni nilinunua hita ya lita 200, ile ya mirija 20 ya kioo na tanki refu juu yake. Karibu milioni mbili pamoja na ufundi. Nyumbani tuko watu saba, mmojawapo mama yangu mzazi ambaye magoti yake hayataki kusikia habari ya maji baridi, na Juni na Julai ya Tabora saa 12 asubuhi kila mtu anaijua. Kabla ya hapo maji ya kuoga yalikuwa ya jiko la mkaa: sufuria kubwa, ndoo zimepanga foleni koridoni, watoto wanachelewa shule. Dukani nikaambiwa, "Dada yangu, Tabora jua bwerere. Ukifunga hii mkaa umeuaga na LUKU hutaijua."

Desemba mpaka Februari sina neno. Maji yalikuwa yanababua, ilibidi tuchanganye na ya baridi nusu kwa nusu. Kuanzia Aprili maji bado ni ya moto, lakini LUKU inayeyuka. Tunanunua umeme, hata wiki haijaisha mita inapiga kelele. Tukashuku friji. Tukagombana kuhusu pasi. Kijana wa watu anayekaa chumba cha uani alisemwa bure kwa redio yake.

Kumbe ndani ya lile tanki kuna koili ya umeme ya kilowati 1.5. Inawekwa kwa ajili ya siku za mawingu, na hilo halina ubaya. Fundi yeye aliiunga moja kwa moja, akaseti kile kiboksi cha ukutani nyuzi 60, saa ishirini na nne, bila saa ya kuwasha na kuzima, bila kutuambia chochote. Maji yakishuka kidogo, koili inawaka. Usiku wa manane watu wamelala, inawaka. Piga hesabu mwenyewe: kupasha lita 200 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunakula karibu uniti 9. Kwa sisi tunaolipa shilingi 356 kwa uniti hiyo ni zaidi ya shilingi 3,000 kwa siku. Na ndugu zangu mlio kwenye ile tarifu nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, mkifungiwa hivi mtahamishiwa kwenye bei yetu ya juu kabla hamjajua kilichowapata.

Nikaenda dukani. Jibu: "Dada, hiyo ni hali ya hewa. Kipindi cha baridi sola zote zinashuka."

Hapo ndipo mliponiudhi hasa. Juni ya Tabora ina wingu gani? Anga jeupe toka asubuhi hadi jioni, vumbi na upepo tu. Na ile mirija ina vioo viwili, katikati hamna hewa, kama chupa ya chai. Baridi ya nje inaifanya nini? Inachohitaji ni mwanga, na mwanga wa kiangazi hapa upo wa kumwaga.

Mdogo wangu wa kiume anafundisha jiografia sekondari. Alikuja kumjulia hali mama, akasikia malalamiko, akachukua mpini wa fagio akausimika wima uani. Tukasubiri mpaka karibu saa 7 mchana, kwa sababu hapa kwetu jua halifiki katikati saa 6 kamili. Saa yetu imepangwa kwa mstari ulio mbali huko mashariki, baharini, kwa hiyo sisi tunachelewa kama dakika hamsini. Kivuli cha mpini kikalala kuelekea kusini. Maana yake jua liko kaskazini. Akainua macho juu ya paa, akacheka kicheko kile cha kutia hasira: "Dada, mirija yako imelipa jua kisogo."

Tukaazima ngazi. Jamani. Tanki liko upande wa kaskazini, mirija inateremka kusini, stendi imesimama kama nyuzi 45. Kivuli cha tanki lenyewe kimelala juu ya mirija, sehemu nzima ya juu iko gizani saa 7 mchana, jua limewaka! Nimeshika mrija kwa mkono. Ule upande wa kivuli na ule wenye mwanga vyote sawa tu, kioo cha nje baridi. Na chini ya stendi kuna karatasi ya maelekezo bado imebandikwa, ina mchoro wa nyumba na mshale wa dira: elekeza KUSINI.

Sasa kwa mtu wa Beijing, huko China zinakotoka hita hizi, hiyo ni sahihi kabisa. Wao wako nyuzi 40 kaskazini ya ikweta, jua lao la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Sisi Tabora tuko nyuzi 5 KUSINI ya ikweta. Kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba, takribani miezi saba, jua la adhuhuri linapita kaskazini ya utosi wetu. Mwishoni mwa Juni linafika nyuzi 28 huko. Mirija iliyoinamishwa nyuzi 45 kusini inapigwa mwanga wa pembeni, inaambulia chini ya theluthi ya kile ambacho ingepata ikilitazama jua, na hapo bado hujatoa kivuli cha tanki. Miezi ya baridi, ambayo ndiyo tunayonunulia hita, ndiyo hita inapumzika.

Nilipowapelekea hayo, fundi akaniuliza, "Mbona Desemba ilichemsha?" Kaka, Desemba jua linakuwa upande wa kusini! Nyuzi 18 hivi. Ndiyo maana ilichemsha, kipindi ambacho mtu akioga maji ya bomba hafi. Ingetazama kaskazini na kuinamishwa kidogo tu, nyuzi 15 au 20, ili maji ya moto yaweze kupanda yenyewe kwenda kwenye tanki, Juni ingepata karibu jua lote na Desemba isingeharibikiwa sana. Hili halihitaji chuo kikuu. Linahitaji fagio.

Halafu akaleta hoja ya paa, kwamba bati langu limeteremkia kusini. Ndiyo, na stendi ni ya chuma, inachomelewa mahali popote, kwa nyuzi zozote. Kumbe hata wao wanajua, maana wameniambia kuigeuza inawezekana: laki tatu na nusu. Yaani mmefunga kinyume, mimi nilipie kugeuzwa. Tangu siku hiyo napigwa danadana. Duka linasema ongea na fundi, fundi anasema yeye kaagizwa na duka. Waranti ya miaka mitatu mliyoniandikia kwenye risiti, mkisomewa mnasema ni ya tanki peke yake.

Na mirija je? Hii nayo sikilizeni, mlio na hita za aina hii itawasaidia. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike hapa mjini nafuu ipo kubwa kuliko enzi za kutegemea bwawa la Igombe peke yake, lakini bomba likipasuka mtaani maji si yanakatika? Yalikatika, simtanki ikakauka, na tanki la hita nalo likaisha. Mirija mikavu ikakaa juani inajipika. Maji yakarudi mchana kweupe, yakaingia baridi kwenye vioo vya moto: pa! Mrija wa kwanza. Kabla sijatoka nje, pa! mwingine, na maji yanamwagika kwenye bati kama mvua. Mitatu ilikwenda.

Mwenye ujuzi angeniambia siku ya kwanza: hita ikikauka usiijaze mchana, funga koki, subiri usiku ipoe au asubuhi mapema kabla ya jua. Sentensi moja! Fundi alichoniambia siku ya kukabidhi ni "ukiona maji hakuna, fungulia tu, inajijaza yenyewe." Mrija mmoja mpya wananiuzia bei ambayo nikiiandika hapa mtadhani natania.

Bomba la kushusha maji bafuni ametumia PVC, ile ile ya maji baridi. Imelegea na kuning'inia kati ya kibano na kibano. Maji ya moto yanataka PPR inayostahimili joto, tena ivalishwe sponji, kila fundi bomba anajua. Nasikitika tu, siendelei.

Ninachosema mimi ni hiki: sola ya maji ni kitu kizuri, na kwa mkoa kama wetu ni dhambi kuipiga vita. Mnaoipiga vita ni nyinyi mnaoiuza. Mtaani kwetu Ipuli watu wawili walikuwa wanajichanga kununua, wameona LUKU yangu wamerudi kwenye mkaa. Mkaa huo unatoka wapi? Kwenye miombo yetu, Sikonge, Uyui, Kaliua, misitu hiyo hiyo inayokausha tumbaku na inayotuletea asali tunayojisifia nchi nzima. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wanataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Vizuri sana, naunga mkono. Lakini nani anazungumzia maji ya kuoga? Nyumba nyingi hapa zina mtungi wa gesi jikoni, ila asubuhi jiko la mkaa linawashwa kwa ajili ya ndoo tu. Gesi ya kuchemsha maji ya watu saba nani ataiweza?

Na kwa nini fundi wa umeme aulizwe leseni ya EWURA, halafu huyu anayepanda juu ya bati langu na tanki la lita 200, koili ya umeme na maji yanayoweza kumuunguza mtoto, aje na spana na mdomo tu? VETA mpo hapa hapa Tabora, fundisheni hili, hata kozi fupi. Mtapata wanafunzi, mafundi Maiko wasiosomea kazi wamejaa.

Mnaotaka kununua, msiache kununua. Simameni uani na fundi kabla hajafungua boksi, muulize: jua la Juni linapita wapi? Akinyoosha mkono kusini, mpe nauli aende.

NYONGEZA, nawajibu walioandika huko chini:

Aliyesema ningenunua hita ya bafuni ya umeme yaishe: zile zinakula kilowati 4 hadi 5 na kitu. Mtu mmoja akioga dakika kumi ni karibu shilingi 300. Zidisha kwa watu saba, halafu umeme ukikatika unaoga baridi na povu kichwani. Asante, hapana.

Mdau wa Ujiji aliyeangalia ya kwake akakuta inatazama ziwani: magharibi si balaa kama kusini, utapata jua la mchana kwenda jioni, ila la asubuhi utalionja tu. Kigoma nanyi mko kwenye nyuzi 5 kusini, hesabu ni ile ile yetu. Geuza.

Aliyeuliza atajuaje mrija mbovu usiopasuka: angalia kitako cha chini. Kikiwa kinang'aa kama fedha, mzima. Kikigeuka cheupe, hewa imeingia, huo ni pambo.

Na wewe fundi uliyeandika kwamba "wateja wa siku hizi wanajifanya wanajua", hapa hukuandika tarakimu hata moja ya kunipinga. Leta nyuzi zako tuzione.

Mwisho, bosi wa duka uliyenitumia ujumbe inbox ukitaka nifute uzi tuyamalize kimya kimya. Sifuti. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, Tume ya Ushindani ipo, na risiti ya EFD ninayo. Bado nakupa nafasi kwanza, njoo na fundi, dira na ngazi (ile ya kuazima mwenyewe ameichukua). Stendi igeuzwe kaskazini, mirija mitatu ibadilishwe, PVC yote itoke, koili iwekewe saa iwake alfajiri siku za mawingu tu. Bila laki tatu na nusu. Ukimaliza nitaandika hapa hapa kwamba umemaliza, na jina la duka nitalitaja kwa wema.