Vyumba vina jumla ya m² 125, ramani imetoka m² 158, hela inaishia 130. Nipunguze wapi?

KiwanjaTayari
Wakuu, naomba ushauri kabla sijamlipa mchoraji awamu ya mwisho. Familia ni watu 6. Kiwanja ni mita 20 kwa 25, na eneo la nyumba linateremka kama mita 1 kutoka mbele hadi nyuma. Nilimpa orodha hii:

Chumba cha wazazi 4.5 × 4.0, na choo na bafu lake 2.4 × 1.8. Vyumba vitatu vya watoto, kila kimoja 3.6 × 3.6. Sebule 6 × 5, chumba cha kulia 4 × 3.5, jiko 4 × 3, stoo 2 × 1.5, choo na bafu la familia 2.5 × 1.8.

Nikijumlisha napata kama m² 125. Ramani imerudi na 158. Kwa bei ya m² ninayotajiwa na mafundi, uwezo wangu ni 130. Je, mchoraji amenizidishia? Na ghorofa ingepunguza gharama?

Mkadiriaji
Hajakuzidishia. Wewe umejumlisha sakafu za ndani, yeye kapima kutoka nje ya kuta. Tofali la sm 15 likishapigwa plasta pande mbili huwa ukuta wa sm 18. Nyumba hiyo ina kama mita 50 za ukuta wa nje na 60 za ndani, kwa hiyo kuta peke yake zinakalia karibu m² 20. Halafu korido hukuiandika kabisa. Vyumba vinne vikipangwa mstari mmoja vinadai korido ya mita 12 kwa 1.2, hiyo ni m² 14. Pengo lako liko hapo.

Pa kupunguza:

– Unganisha sebule na sehemu ya kulia iwe 6.4 × 5. Kutoka m² 44 unabaki na 32, na ukuta mmoja unaondoka.
– Vyumba vya watoto viwe 3.0 × 3.6. Kabati la sm 60 likikaa ukutani upande mfupi, linabaki eneo la 3 × 3: vitanda viwili vya sm 90 na nafasi ya mita 1.2 katikati. Umeokoa m² 6.5.
– Chumba cha wazazi 4.0 × 3.8. Umeokoa 2.8.
– Milango ya vyumba izunguke kijiukumbi kimoja badala ya kupangwa mstari. Korido ikishuka hadi mita 6, umeokoa m² 7.2.

Jumla ni 28 na ushei. Uko chini ya 130 bila kufuta chumba hata kimoja.

Ghorofa kwa ukubwa huu sikushauri. Kimo cha mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu kinataka vipandio 17 vya sm 17.6, yaani ngazi ya mita 4.3 ikiwa imenyooka, na nafasi yake unailipia chini na juu. Bado hujagusa nondo, nguzo na zege ya sakafu ya juu. Ghorofa inalipa pale kiwanja kinapokubana, na chako hakijakubana.

MsingiKwanza
Hesabu ya Mkadiriaji ni sahihi, ila usidhani ukipunguza m² kwa asilimia 18 gharama nayo itashuka kwa asilimia 18. Ulichokata ni sakafu tupu, na hiyo ndiyo m² rahisi kuliko zote. Jiko, vyoo viwili, milango, shimo la maji taka, mfumo wa umeme, vyote vimebaki vilevile. Akiba iliyobaki itafute kwenye umbo la nyumba.

Chukua mstatili wa 13 × 10: mzunguko wake ni mita 46. Weka pango moja tu la urembo lenye kina cha mita 1.5 katikati ya ukuta, mzunguko unaongezeka mita 3. Kwa kimo cha mita 3 hizo ni m² 9 za ukuta, tofali kama 113 (12.5 kwa m², za uso wa sm 40 × 20), msingi wa mita 3, linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), plasta ndani na nje, rangi. Na paa likifuata hilo pango unapata mabonde mawili (mikunjo ambako miteremko miwili ya paa hukutana), na bonde ndipo paa huanzia kuvuja. Ramani nyingi zinazosambaa mtandaoni zina mapango manne au matano. Ni nzuri kwenye picha.

Paa lenyewe: mstatili huohuo ukitoa upenu wa sm 60 kila upande, mwinuko wa nyuzi 25 unahitaji karibu m² 175 za bati. Ukipandisha hadi nyuzi 35 unahitaji 194, na mbao za kenchi nazo zinarefuka.

Sasa mteremko, ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko yote uliyouliza. Kama sakafu itawekwa usawa wa upande wa juu, wastani wa kujaza ni nusu mita: 130 × 0.5 = m³ 65 za kifusi kikiwa kimeshashindiliwa. Kikiletwa kimelegea, agiza karibu 80. Kishindiliwe kwa tabaka za sm 15, kila moja ikinyunyiziwa maji. Wakimwaga chote kwa mkupuo na kupitisha mashine juu tu, chini kinabaki kimelegea; kinakuja kushuka baadaye, jamvi (zege la sakafu ya chini) linaning'inia na vigae vinapasuka. Mwambie mchoraji alaze upande mrefu wa nyumba kukatiza mteremko. Kwa upana wa mita 10 badala ya 13 kimo cha kujaza kinapungua karibu robo. Ikiwa udongo ni mfinyanzi unaovimba, chimba mashimo ya majaribio kwanza, maana msingi unaweza kubadilika wote.

BombaNaChemba
Kwenye ramani mpya jiko, stoo na vyoo vyote vikae upande mmoja, ikiwezekana vyoo viwili vigawane ukuta. Bomba la choo la mm 100 linateremshwa 1:40. Likienda mita 12 limeshazama sm 30, na shimo la maji taka lazima liingie chini zaidi ya hapo. Bahati yako nyuma kunateremka, basi vyoo vielekee huko. Mabomba yalazwe kabla ya jamvi, na kila kona ya nje iwe na chemba (kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia bomba). Kutindua zege iliyokauka ni kulipa mara mbili.

KiwanjaTayari
Asanteni sana. Bei ya m² niliyopewa, nitajuaje kama imejumlisha kila kitu? Na niweke akiba kiasi gani?

Mkadiriaji
Muulize fundi maswali mawili: ni bei ya boma (nyumba isiyomaliziwa) au ya nyumba ya kuhamia, na m² zake zinapimwa nje au ndani. Umaliziaji (plasta, dari, vigae, milango, madirisha, umeme, maji, rangi, makabati) hula asilimia 40 au zaidi, kwa hiyo bei ya boma inadanganya vibaya.

Hata hivyo usijenge kwa bei ya m². Ikishakubalika ramani, dai mchanganuo wa vifaa na kazi, kipengele kwa kipengele, ndipo ulinganishe mafundi. Mfano: jamvi la sm 10 kwa m² 130 ni m³ 13 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), m³ 1 hula kama mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50, mchanga m³ 0.45 na kokoto m³ 0.9. Ni mifuko 82. Kifusi kisiposawazishwa na jamvi likafika sm 12, mifuko 16 zaidi imezama chini na hakuna atakayeiona.

Vinavyosahaulika kwenye mchanganuo: vibali, usafiri wa vifaa, maji ya ujenzi, stoo ya muda, kuunganishiwa umeme na maji, shimo la maji taka, tangi, uzio. Viandike nje ya ile 130. Akiba iwe asilimia 10 hadi 15 ya jumla, na isiguswe kununulia vigae vya bei.

MsingiKwanza
Kama hata hapo haitoshi, chora nyumba nzima lakini jenga bila vyumba viwili vya watoto. Waache upande mmoja wa paa uishie kwa ukuta wa pembetatu, ndiko vyumba vitakapoungana baadaye. Linta ya dirisha la mwisho wa korido iwe na upana wa mlango, mita 1 au zaidi. Bomba na njia za waya ziachwe zikiwa na vizibo. Na misingi ya awamu mbili isifungwe pamoja, wacha kiungio chenye nafasi, kwa sababu msingi mpya utashuka kidogo wakati wa zamani umeshatulia.