Wenye mahoteli ya chakula Tanga, tambara moja meza zote mpaka lini?

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Mchana huu niko mgahawa mmoja Ngamiani, nasubiri wali samaki, mhudumu anafuta meza ya jirani iliyojaa miba na mabaki ya chakula cha mtoto, kisha tambara hilo hilo analileta kwangu. Nikamwambia, dada, lisuuze kwanza. Kalichovya kwenye ndoo ya maji meusi, kalikamua, kaendelea. Namuuliza msimamizi, ananijibu: "Bosi, meza si inang'aa?"

Inang'aa mafuta!

Salmonella na E. coli, bakteria wanaoharisha watu, hawafi kwa kupitishiwa kitambaa. Sabuni inawang'oa pamoja na mafuta ili waondoke na maji. Sasa maji yakibaki kwenye tambara, unawahamisha tu meza hadi meza. Na tambara bichi lenye mchuzi, kwa joto letu hili, ndipo wanapozaliana. E. coli akipata chakula na joto la kumfaa hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja wa saa 1 asubuhi, asipozuiwa na kitu, saa 8 mchana wamepita milioni 2. Wakati huo ndipo tunajaa mezani. Tena tunakula kwa mkono! Umenawa vizuri kwa sabuni, umeegemeza vidole mezani, umemega ugali, umemlisha mtoto.

Kuna wanaojitetea kwamba wanatia klorini. Wanaitia kwenye ndoo ile ile chafu! Nguvu yake inaishia kwenye mabaki ya chakula. Meza isuguliwe kwa sabuni, hasa penye mikwaruzo ya visu, maana bakteria hujijengea humo utando unaonata ambao dawa haiupenyi kirahisi. Isuuzwe, ndipo ipakwe maji safi ya klorini na kuachwa dakika kadhaa ikauke yenyewe. Ukipaka na kufuta papo hapo kwa tambara la asubuhi, umefanya nini?

Matambara yawe mengi, yachemshwe, yaanikwe juani. Jua la Tanga mnalilipia?

Maafisa afya mliomo humu, mkikagua vyeti vya kupimwa afya vya wapishi, ombeni na hiyo ndoo muione. Na mdau ambaye amewahi kumbana mwenye hoteli akabadilika kweli, atuambie alimwambiaje, maana mimi kesho narudi pale pale.