Kimbilio la siri la makuhani wa miungu tofauti: tupeane uzoefu wa mezani

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, salaam. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo waongozaji wengi wa michezo ya kuigiza wahusika (wale wanaoisimamia hadithi mezani huku wengine wakicheza wahusika) hukutana nalo hadithi inapoanza kukomaa: mahali patakatifu palipofichwa kwa uganga, ambapo makuhani wa miungu mbalimbali hukutana kuponya majeruhi, kutunza vitabu vyao na kujistiri pale watawala wa nje wanapowageuka. Nazungumzia Dungeons & Dragons, maana ndiyo inayochezwa na wengi wetu, na kuhani amekuwamo ndani yake tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoitoa nchini Marekani mwaka 1974, akiwa mmoja wa aina tatu tu za wahusika wa mwanzo pamoja na mpiganaji na mchawi. Kwa wale wapya, sheria za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo ni halali kuzichapa na hata kuzitafsiri kwa Kiswahili mradi utaje zilikotoka.

Nieleze kinachonisumbua. Kwa mujibu wa sheria hizo, kuhani aliyefika mbali anaweza kuweka mahali wakfu kwa zindiko la ngazi ya tano (ngazi ni kipimo cha nguvu ya uganga), ambalo huchukua saa 24 kulikamilisha na huteketeza mitishamba, mafuta na ubani wenye thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu. Likishakamilika, mashetani, majini, malaika na wafu watembeao hawawezi kuingia ndani ya mzingo wake, ambao waweza kufika futi 60 kutoka katikati. Lakini zindiko hilo halishiki kabisa iwapo mzingo wake utagusa eneo ambalo limekwisha kuzindikwa hivyo hivyo. Lipo pia neno la kurejea, la ngazi ya sita, ambalo kuhani hulitamka akiwa hatarini na papo hapo yeye pamoja na wenzake wasiozidi watano hujikuta kimbilioni. Nalo halifanyi kazi mpaka mahali hapo pawe pamewekwa wakfu kwa mungu wake mwenyewe, au pawe na uhusiano wa karibu naye. Ukizisoma sheria hizi mbili pamoja utaona ugumu uliopo: makuhani saba wenye miungu saba hawawezi kuizindika sakafu moja, na atakayetangulia huenda akawa amewafungia wenzake njia ya kurejea. Mezani kwenu mahali hapo ni pa nani, na hao wengine walikubalije?

Mchangiaji, Kilifi

Ndugu mleta mada, ahsante kwa swali hili. Sisi tulilijibu kwa kuliweka kando zindiko la miungu lote. Kimbilio letu ni msitu, na umbo lake tulilichukua kwenye kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambazo baadhi yetu tumekulia jirani nazo. Kwa wasiozifahamu, kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu mnene, yenye njia chache za kuingilia, uwanda katikati, na fingo iliyofukiwa ardhini kuyalinda. Misitu kadhaa ya aina hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008.

Katika ulimwengu wetu wa kubuni, fingo ilifukiwa na watu waliotangulia kabla mungu yeyote hajapewa jina, kwa hiyo hakuna kuhani anayeweza kuidai ardhi ile. Wote ni wageni, hata yule aliyezeekea ndani. Kinachowaweka pamoja ni miiko: huvunji tawi bichi, huingii na chuma, humtaji mungu wako kwa sauti mpaka uulizwe, na ukimkuta hasimu wako amelala humwamshi.

Niwape tukio moja. Kuhani wa mungu wa vita alifika usiku kwenye lango la pili akiwa amembeba mwenzake aliyebakiwa na pointi moja ya uhai, huku askari wa mfalme wakisikika nyuma yao. Mlinzi hakumuuliza neno la siri, alisema tu, "Chuma." Mezani kwetu kila silaha yenye jina ina kadi yake, na kuiweka silaha chini ni kumkabidhi kadi hiyo mtu aliyeketi kushoto kwako, ambaye hatalazimika kuirudisha mpaka mtoke msituni. Kaka aliyemcheza kuhani yule alikuwa ameuhangaikia upanga wake tangu mwanzo wa hadithi. Aliishika kadi kwa vidole viwili, akamtazama dada aliye kushoto kwake, ambaye wahusika wao walikuwa wametoka kutukanana, kisha akamsukumia kadi. Hakuna kete iliyotupwa wakati wote huo, na hadi leo ndilo tukio ambalo watu wa meza yetu hulisimulia kuliko mapigano yoyote.

Atakayetaka kufuata njia hii namsihi akumbuke kwamba kaya zipo, wazee wake wapo na maombi yao yapo. Ukitembelea Kaya Kinondo kule Kwale utafungwa kaniki kabla ya kuingia msituni, na hilo si igizo. Tulichochukua ni umbo la mahali na uzito wa miiko. Majina ya kaya, maneno ya maombi na vigango (nguzo za kuchongwa za ukumbusho) vya marehemu hatuvigusi, na mwenzetu akijisahau tunasimamisha mchezo na kumkumbusha kwa upole.

Historia ndiyo iliyotuonyesha hatari itoke wapi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama, ambao ni miongoni mwa Wamijikenda, wasiitii serikali ya kikoloni ya Kiingereza, na Agosti 1914 serikali hiyo ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Basi adui wa kimbilio letu hana uganga hata chembe. Ana ramani, ana daftari la kodi na ana mapipa ya baruti, na makuhani wanajua tangu mwanzo kwamba hayo hayazuiliwi na fingo.

Mchangiaji, Newcastle, Uingereza

Nimeyasoma ya ndugu wa Kilifi kwa furaha kubwa. Mfano wetu sisi uko karibu na ninapoishi, nao ni kanisa kuu la Durham, ambalo mlango wake una kigongeo cha shaba chenye uso wa mnyama mfano wa simba (kinachoonekana leo mlangoni ni nakala, kile cha asili kimehifadhiwa ndani). Zama za kale mtu aliyetuhumiwa kwa kosa kubwa akikishika kigongeo hicho alipewa hifadhi ya siku 37. Kengele ilipigwa ili mji ujue, akavishwa joho jeusi lenye msalaba wa njano kwenye bega la kushoto, akalishwa na kulazwa, na katika siku hizo alitakiwa ama apatane na wanaomdai ama akubali kuihama nchi kwa njia ya bahari. Sheria ya Uingereza iliifuta haki hiyo mwaka 1624.

Tulichojifunza ni kwamba hifadhi ikiwa na kikomo hadithi hupata moyo. Kabla ya hapo makuhani wa meza yetu walikuwa wakijichimbia kimbilioni hadi wapone kabisa, na mwongozaji akawa hana la kuwafanya. Sasa kila mkimbizi anayepokelewa huwekewa bakuli lenye punje 37 za maharage katikati ya meza, na kila asubuhi ya ulimwengu ule mchezaji mmoja huondoa punje moja akieleza kwa sentensi chache mkimbizi ameamkaje. Wiki ya kwanza watu hueleza kwa mzaha. Punje zinapokaribia kumi sauti hubadilika, kwa maana kuhani wa mungu wa haki na kuhani wa mungu wa rehema hawawezi tena kuahirisha swali la kama mtu huyu atolewe nje au afichwe kinyume cha ahadi waliyoiweka wote saba.

Safari moja mkimbizi alikuwa mtoza ushuru aliyechoma ghala la nafaka la kijiji. Kuhani wa haki, ambaye ndiye aliyepinga asipokewe, aligeuka kuwa mtu wa pekee aliyekwenda kijijini kuzungumza na wenye ghala, kwa hoja kwamba haki haitendeki kwa kuhesabu punje tu. Mwongozaji wetu hakuwa amelipanga hilo hata kidogo.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi ni wa sheria zaidi kuliko hadithi, hivyo nitasema kwa kifupi. Kuna marufuku ya ngazi ya sita inayozuia mtu yeyote kuingia ndani ya eneo kwa uganga wa kusafiri, na ikirudiwa mahali palepale kila siku kwa siku 30 hubaki mpaka mtu aitangue. Meza nyingi huiweka juu ya kimbilio lote zikidhani zimemaliza kazi, ilhali marufuku hiyo humzuia pia kuhani wenu anayetamka neno la kurejea. Sisi tumeacha chumba kimoja cha kutua nje ya eneo la marufuku, chenye mlango mmoja unaofunguliwa kutoka ndani tu. Anayetua humo akiwa na majeraha hugonga na kungoja, na kungoja huko kumetupa mazungumzo mazuri sana kati ya aliye nje na aliye ndani. Na mkumbuke idadi: neno hilo humchukua msemaji na watu watano. Kundi likiwa la wahusika saba, lazima mmoja abaki nyuma, na msimwachie mwongozaji aamue ni nani.

Mchangiaji, Bujumbura

Swali la mleta mada, mahali ni pa nani, lilitushughulisha muda mrefu, na jibu tulilipata Yerusalemu. Kanisa la Kaburi Takatifu linatumiwa na Waorthodoksi wa Kiyunani, Waarmenia na Wakatoliki, pamoja na Wakopti, Wasiria na Waethiopia, ambao watawa wao wanaishi juu ya paa. Amri ya sultani wa Kiosmani ya mwaka 1852 iliagiza kila mmoja abaki na alichokuwa nacho, na mpaka leo ngazi ya mbao iliyokuwapo tangu karne ya 18 ingali chini ya dirisha la mbele, kwa kuwa kuiondoa kunahitaji ridhaa ya wote. Funguo za mlango hazishikwi na kanisa lolote: familia mbili za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh, ndizo zenye dhamana, moja ya kuutunza ufunguo na nyingine ya kuufungua mlango.

Tuliyachukua hayo yote mawili. Ufunguo wa kimbilio letu anao mwuza ubani asiyemwabudu yeyote kati ya miungu saba, na makuhani wamemkubali kwa sababu hana cha kupendelea. Kuhusu zindiko, ndugu mleta mada, sheria inasema mzingo unaweza kufika futi 60. Haisemi ni lazima ufike. Kila kuhani kwetu amezindika kijumba chake kwa mzingo wa futi kumi tu, akapata pa kurejea, na mizingo haigusani. Vijumba vimepangwa kuuzunguka ua wenye kisima, na ua huo haujazindikwa na mtu.

Ndiyo kusema wafu watembeao wanaweza kuingia uani. Makuhani wanalijua hilo, na kila usiku wawili wa miungu tofauti hukesha pamoja kando ya kisima. Uwazi huo wa katikati tumeulipia kwa damu mara kadhaa na bado hakuna aliyependekeza uzibwe, kwa maana atakayeuziba ndiye atakayekuwa mwenye nyumba. Mikesha hiyo ndiyo imejenga urafiki wa wahusika wetu. Kuhani wa bahari na kuhani wa kaburi, ambao kwa mujibu wa mafundisho yao hawapaswi hata kula pamoja, wamefahamiana kwa kukaa macho usiku kucha wakisikiliza kama kuna kitu kinachotembea upande wa pili wa ukuta.

Mleta mada, Dar es Salaam

Nawashukuru nyote kwa dhati. Kwa maoni yangu ua wa Bujumbura ndio unaolijibu swali langu kikamilifu zaidi, kwa kuwa unaziheshimu sheria za mchezo na wakati huohuo unawadai makuhani kitu kila siku. Nitauanzisha mezani kwangu pamoja na chumba cha kutua cha Nairobi, na punje za Newcastle nimekwisha kuziomba ruhusa moyoni. Msitu wa Kilifi sitauiga, kwa sababu sisi hatukukulia karibu nao na nahofia tutaubeba vibaya.

Nimebaki na swali moja kwa ndugu wa Kilifi. Mahali pakiwa pa siri, siku moja siri hutoka. Katika mchezo wetu kuhani mmoja alimwonyesha mchumba wake njia, na wenzake wakataka auawe. Nikasimamisha kikao hapo mpaka juma lijalo. Kwenu mvunja mwiko hufanywa nini?

Mchangiaji, Kilifi

Kwetu hauawi, ndugu, kwa kuwa damu yenyewe ingekuwa mwiko mkubwa kuliko ule alioufanya. Hutozwa faini, kuku au mbuzi kulingana na kosa, na nyama huliwa na wote akiwamo yeye na yule aliyemwonyesha njia, ambaye naye huulizwa mbele ya wazee kama yuko tayari kuishika miiko. Akikubali, anakuwa mwenyeji na si siri tena iliyovuja. Akikataa, makuhani hushirikiana kuifunga njia ile kwa miti na kufungua nyingine, kazi inayochukua misimu na inayowaacha wazi kwa maadui muda wote huo, na aliyeivujisha hufanya kazi hiyo pamoja nao lakini huonyeshwa lango jipya baada ya wengine wote. Mpeni huyo mchumba nafasi ya kuulizwa kabla hamjaamua lolote juu ya kuhani wenu.