Boti ya Kibirizi kwenda Kagunga: nitaona maisha ya mwaloni au mabati tu?

Fundi wa Ipuli
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni wa Tabora, fundi baiskeli. Ziwa Tanganyika nimeliona mara moja tu, nje ya stesheni ya Kigoma, tena nikiwa na usingizi wa treni. Mwezi ujao nina siku nne. Nataka kupanda boti ya abiria pale Kibirizi, nipite Mtanga, Mwamgongo, hadi Kagunga mpakani mwa Burundi, nione watu wa mwaloni, pale ufukweni boti za uvuvi zinapoegesha, wanavyoishi. Jamaa yangu anasema nitaona mabati na mchanga, bora nibaki mjini nile samaki mgebuka kwa mawese. Kweli? Maji siyaogopi, naogopa kutapika mbele za watu.

Mama Sado
Mwanangu, jamaa yako hajakosea sana. Nimenunua dagaa njia hiyo miaka kumi na moja, na mgeni anayeshuka alasiri akageuza kesho yake alfajiri haoni kitu.

Kabla hujauliza nauli, angalia mwezi. Dagaa huvuliwa siku za giza: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi. Vipe (boti mbili zilizofungwa pamoja kwa magogo) vinalala mchangani, wanaume wanashona nyavu na kubishana mpira. Ukienda siku hizo, ndiyo hayo mabati. Mimi usiku wangu wa kwanza Mwamgongo nilimuuliza mwenyeji wangu, zile taa kule ni mji gani wa Kongo? Alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi vipe vikiingia usisimame pembeni na simu. Shika upande mmoja wa karai, utaongeleshwa. Dagaa akitoka majini anang'aa, ukimshika anakuachia magamba vidoleni. Anaanikwa hapo hapo. Wa mchangani hukauka haraka, ila mlaji anatafuna na ufuko. Wa kwenye chanja, yaani kitanda cha kuanikia kilichoinuliwa, ni msafi, na mwenye nao hapunguzi bei hata umwite shangazi. Mvua ikimkuta hajakauka, huyo ni wa kuku.

Kuhusu boti: nyingi zinatoka Kibirizi mchana, za kurudi ni alfajiri. Jumapili usizitegemee. Mwaka juzi nilipakia magunia sita kwenye boti iliyojaa kupita kiasi, upepo wa kusini ukaamka tukiwa usawa wa hifadhi ya Gombe. Mawili yakaloa, hakuna aliyenifidia. Tangu hapo nikikaa na mkono wangu ukafika majini, nashuka.

Mwana Ujiji
Mama kamaliza, mimi naongezea tu. Angalia na kalenda ya serikali, siyo mwezi peke yake. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nilipita kipindi hicho, mwalo mzima chanja tupu, mbwa wamelala juu yake.

Ukipita Gombe kaa upande wa nchi kavu. Barabara ya kufika pale hakuna, hata Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, mwaka 1960 alifika kwa boti. Sokwe hutawaona ukiwa majini, lakini nyani hushuka hadi ufukweni. Usishuke kienyeji, ile ni hifadhi na ina kiingilio chake.

Na ukiambiwa usubiri Liemba, mwambie asante. Meli ile njia yake ilikuwa kusini, Karema, Kipili, Kasanga hadi Mpulungu Zambia. Kagunga ilikwenda 2015 kuwachukua wakimbizi wa Burundi, siyo safari zake za kawaida.

Fundi wa Ipuli
Shikamoo mama. Nimeahirisha wiki moja, siku nilizopanga mwezi ulikuwa mpevu kabisa. Nikifika Mwamgongo nalala wapi? Na nije na nini, asali ya kwetu inafaa?

Mama Sado
Marahaba. Asali lete, lita moja ya kwangu. Ukishuka muulize mwenyekiti wa kitongoji, usijitafutie chumba mwenyewe gizani, watakushangaa. Kwenye boti kaa nyuma karibu na injini, hapayumbi kama mbele, moshi utauvumilia. Na usipande na tumbo tupu. Kula ugali wa muhogo, acha chai na maandazi, hayo ndiyo yanayorudi.