Oda ya Yorkshire: uzi wa hariri au poliesta?

Wa_Gura: Hamjambo wakuu. Nafunga flai, vile vidudu bandia vya kuvulia samaki, hapa Nyeri, kwa uzi wa poliesta siku zote. Sasa mteja wa Yorkshire, Uingereza, ameagiza flai za aina mbili, Partridge and Orange na Waterhen Bloa, ndoano namba 14, na anasisitiza mwili uwe wa hariri. Mjini kuna uzi wa kudarizi unaong'aa, muuzaji anaapa ni hariri, bei yake ya kutupa. Utafaa? Na kweli samaki ataona tofauti?

Bobini: Weka poliesta, ndugu. Haikatiki, haiozi. Trauti hasomi lebo.

Mama Jiliwa: Bobini, hiyo ni sawa kwa flai iliyojaa manyoya. Hizi mbili ni nyembamba, uzi ndio mwili wenyewe. Hariri ikilowa hukolea: ile rangi ya chungwa hugeuka kahawia yenye wekundu, na weusi wa ndoano hujitokeza kwa chini. Mzungu wako analipia giza hilo. Poliesta haikolei hivyo.

Wa_Gura, huo uzi wa mjini uchome kwanza. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Ukinuka karatasi, ni reyoni, ambayo ikilowa hupoteza nguvu. Ukiyeyuka ukaacha kidonge kigumu, mrudishie mwenyewe.

Kwenye Waterhen Bloa kuna mtego wa nta. Uzi wake ni wa manjano, na manyoya ya fuko husokotwa haba sana ili manjano yaonekane. Ukipaka nta nyeupe ya nyuki, manjano yanabaki. Ukipaka ile nyeusi ya fundi viatu, yanageuka kijani cha zeituni. Wapo wanaotaka hivi na wapo wanaotaka vile, kwa hiyo muulize kabla hujafunga hata dazeni moja. Vanishi iguse kichwa tu, ikiteremka mwilini inatia doa.

Halafu mikono. Ukitoka kulima, vidole vinakwaruza hariri mpaka inatoa manyoya. Mimi husugua viganja kwa sukari na mafuta ya kupikia ndipo nikae kwenye jiliwa. Wasichana niliofanya nao kazi Nairobi walinicheka, ila flai zangu hazikurudishwa.

Wa_Gura: Nimechoma, mama. Kidonge kigumu kama punje ya mtama.

Bobini: 😂 Hariri ya kiapo.

Mama Jiliwa: Tafuta uzi wa hariri wa kushonea, namba 100, ule mwembamba. Ukikuta wa zamani dukani, uvute kwanza, maana mwanga huudhoofisha. Funga moja ya kila aina, iloweshe, ipige picha kando ya kavu, umtumie mteja achague. Na usimtoze bei ya poliesta, tafadhali, unatuharibia soko.

Wa_Gura: Niongeze kiasi gani kwa dazeni?

Mama Jiliwa: Njoo inbox.