Kanisa linatupeleka kujitolea Malawi, waliowahi kwenda nipeni ukweli

binti_wa_mbweni
Jamani habari zenu. Mie mwanafunzi wa chuo hapa Unguja nasoma uhasibu. Kanisa letu linapeleka vijana kisiwa cha Likoma huko Malawi wakati wa likizo, tunaambiwa tutapaka rangi skuli na kufundisha watoto Kiengereza, nauli tunachangisha kwa ndugu na waumini. Mama ana hofu na safari, baba anasema hela yote hiyo si bora wakapelekewe wenyewe. Na mie tangu aseme nakosa usingizi, maana kweli nina nini cha kuwapa watu wa kule? Nataka kwenda lakini nikafae, sio nikatembee. Aliyewahi kwenda anieleze.

mwalimu_wete
Salama mwanangu. Mie Muislamu, mambo ya kanisa siyajui, ila nimesomesha skuli za huku Pemba miaka mingi na wajitolea kutoka nje tumewapokea sana, kwa hiyo nakupa upande wa tunaopokea. Wanakuja watoto wazuri, wana moyo, wanatusalimia vizuri. Lakini kila kundi likija linaanza a e i o u upya kwa sababu hawajui waliotangulia waliishia wapi, wanafunzi wamechoka hizo a e i o u, na mwalimu wa darasa anakaa pembeni kipindi kimempotea na mtihani uko palepale. Ukuta wa darasa la pili umepakwa rangi mara kadhaa, na wakati wote huo choo cha wasichana hakina mlango, wasichana wakubwa wanakwenda wawili wawili mmoja ashike khanga. Hakuna aliyetuuliza! Wangeuliza tungesema mlango. Sasa nyinyi mnakwenda kuwa wageni wa watu, ulizeni kabla ya kufunga mizigo, na muulizeni mwalimu wa darasa, sio mkubwa peke yake.

kijana_wa_kiungani
Mwalimu kasema kweli tupu. Dada, mie nilikwenda hukohuko Likoma na vijana wa kanisa. Safari ni boti mpaka Dar, basi mpaka Kyela, unavuka mpaka Kasumulu, halafu Karonga, Mzuzu, Nkhata Bay ndo unapanda meli, na Ziwa Nyasa likichafuka meli haina saa, kwa hiyo wekeni na hela ya kulala njiani. Pasi ianze kufuatiliwa sasa hivi.

Kisiwa kipo karibu na Msumbiji kuliko Malawi lakini ni cha Malawi, sababu ya misheni. UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, ileile iliyojenga kanisa letu la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa ndo iliyoweka makao Likoma miaka ya 1880, na kanisa lao kuu la mawe lilianza kujengwa 1903. Walimu waliosomeshwa Kiungani hapahapa Unguja walipelekwa kule Nyasa, kwa hiyo wazee wakisikia unatoka Zanzibar wanakukalisha chini.

Kazi sasa. Na sisi tuliandikiwa kupaka rangi. Tulipofika katekista, yaani mwalimu wa dini wa kanisa la kule, akatwambia mafundi rangi wapo na hawana kazi, mkiwa na hela ya rangi nunueni tuwape wao, na ndo tulivofanya. Mie nikapelekwa kliniki kunakili madaftari ya wajawazito, yale ya zamani yaliloa, kurasa zimeshikana unazibandua taratibu kwa ncha ya kisu, jina, tarehe, sindano ya pepopunda kapata au hakupata, kutwa nzima. Hakuna picha ya kupiga pale, lakini nesi alisema mama akija kapoteza kadi anaonekana daftarini. Jioni nawasaidia kina mama kuanua usipa, ndo dagaa wao, na lugha nilifunzwa palepale chanjani. Wewe mhasibu, waulize kama parokia au kikundi cha kina mama wana vitabu vya hesabu vinavohitaji mtu wa kukaa navyo.

nesi_wa_chake
Naongeza la afya maana vijana wetu wanalisahau. Zanzibar malaria imepungua sana, maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka, kwa hiyo mtu aliyekulia hapa mwili wake haujaizoea kama wenzetu wa kule, akiipata inamlaza vibaya. Mdogo wangu, muone daktari akupe dawa ya kinga, inaanzwa kabla ya safari na unaendelea nayo ukisharudi, usiikatize. Chandarua chako mwenyewe. Ukirudi ukapata homa hata kidogo kapime siku hiyohiyo, useme umetoka Malawi. Na lile ziwa lina kichocho, Wapemba tunakijua. Ukioga humo usikimbilie dawa siku ya pili, haiui wadudu wachanga, subiri wiki kadhaa ndo ukapime unywe.

binti_wa_mbweni
Ahsanteni sana, mwalimu shikamoo. Leo baada ya ibada nimemwendea kiongozi wetu nikamuuliza hiyo rangi nani kaiomba, akanambia ukweli kwamba wamepanga wao huku huku. Kakubali kumpigia katekista wa kule kabla ya mchango wowote mwengine, na mimi nimeandika suala la vitabu vya hesabu aulizie. Baba nimemsomea maneno ya mwalimu yote, kasema hela ya mafundi atachangia, ya nauli yangu bado anafikiri.